Rangi iliyojificha uani: Jinsi mimea ya nyumbani inavyogeuzwa kuwa sanaa ya nguo

KATIKA sebule ya shangazi yangu huko Mwala, Machakos, kuna kiondo kilichotundikwa ukutani kwa zaidi ya miaka 40. Mshipi wake wa ngozi umekatika na panya wamekitafuna upande mmoja. Hata hivyo, ukanda mmoja wa rangi nyekundu iliyokolea, kama udongo wa kichuguu baada ya mvua, ungali imara kana kwamba ulitiwa jana.

Nilipomwuliza shangazi ni mmea upi uliotoa rangi hiyo, alisema ni mizizi fulani ambayo mama yake alikuwa akienda kuichimba ng’ambo ya mto. Yeye wakati huo alikuwa shuleni. Nyanya alifariki mwaka wa 1994. Yamkini mizizi hiyo ingalipo hadi leo, lakini katika ukoo wetu mzima hakuna awezaye kuinyoshea kidole.

Kisa hiki si cha ukoo mmoja. Yeyote anayejaribu siku hizi kutengeneza nguo za sanaa kwa kutumia mimea hugundua upesi kwamba nusu ya kazi ni kuuliza wazee maswali ambayo yalipaswa kuulizwa zamani. Nusu ya pili ni nyepesi kidogo, maadamu mimea yenyewe imezagaa uani, kando ya njia na hata jaani, ikifyekwa kila wikendi kwa jina la magugu.

Sanaa inayozungumziwa hapa ina sura nyingi. Wapo wanaochemsha majani na maganda ili kupata rangi ya kitambaa au nyuzi. Wapo wanaochapa umbo la jani lenyewe juu ya nguo, mishipa yake yote ikionekana. Wengine hudarizi picha za mimea kwa sindano, na wengine hufuma nyuzi zinazotokana na mimea. Aghalabu kazi moja huchanganya mbinu hizi zote, na mwishowe huwa pambo la ukutani, shali, pazia au kitambaa cha meza.

Si jambo geni katika pwani yetu. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata Kilwa vigurudumu vya udongo vilivyotumiwa kusokotea nyuzi za pamba, ishara kwamba watu wa miji hiyo walifuma nguo zao karne nyingi kabla ya Mreno kutia nanga. Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kwamba Waislamu wa Sofala walikuwa wakifuma pamba nyeupe kwa wingi, lakini walipotaka rangi walifumua nguo za samawati zilizoletwa kutoka Cambay, Bara Hindi, na kuzifuma upya pamoja na nyuzi zao. Kwa maelezo yake, ama hawakujua kuitia pamba rangi, ama hawakuwa na rangi yenyewe.

Maelezo hayo hunitatiza kila niyasomapo. Mimea ya jamii ya mnili, inayotoa rangi ya samawati, humea yenyewe katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kusini. Mmoja wao, ambao wataalamu huuita Indigofera arrecta, ulichukuliwa katika karne ya 19 na kupelekwa hadi kisiwa cha Java, ukalimwa huko kwa ajili ya soko la dunia. Ikiwa Barbosa alisema kweli, basi fundi wa Sofala alifumua kitambaa cha ng’ambo ilhali rangi ileile ilikuwa ikimea porini.

Pigo lililofuata lilitoka Uingereza. Mnamo 1856, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe. Dawa hakuipata. Alichopata ni rangi ya zambarau, na kutokana nayo ukazaliwa mkururo wa rangi za viwandani. Kufikia 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilikuwa ikiuza nili iliyotengenezwa kiwandani. Tangu hapo, mwanamke aliyekuwa akichimba mizizi ng’ambo ya mto aliweza kununua rangi ya unga dukani kwa senti chache. Asiyefahamu adha ya kuchimba mizizi na amlaumu.

UKAKASI NA MADOA

Hata hivyo, maarifa hayakufutika yote. Yamesalia mahali ambapo hatudhani kuwa ni maarifa: katika maonyo ya akina mama.

Mtoto yeyote aliyelelewa Kilifi au Kwale anajua kwamba maji ya bibo yakidondokea shati, shati hilo limekwisha. Utasugua, utaloweka, utaanika, na doa litazidi kuwa jeusi. Wa Kisii au Meru anajua vivyo hivyo kuhusu utomvu wa mgomba: mkata ndizi huvaa nguo zake kuukuu kwa sababu zile alama za hudhurungi haziondoki. Mama anayekemea mtoto kuhusu bibo anamfundisha somo la rangi bila kukusudia. Kinachogoma kutoka nguoni pasipo ruhusa ndicho fundi anachokitafuta kwa hiari.

Siri ya madoa hayo kwa sehemu kubwa ni kemikali za jamii ya tanini. Ulimi huzitambua kabla ya maabara. Ukitafuna jani la mpera, ganda la komamanga au ndizi mbichi, kinywa hukauka na ulimi ukawa kama umeparuzwa; huo ndio ukakasi. Tanini hushikamana na protini za mate, na ndiyo maana kinywa hukosa utelezi. Tabia hiyohiyo ndiyo inayofanya magome ya mgunga kugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi isiyooza, na ndiyo inayoifanya rangi ishike kwenye nguo.

Sasa rejea kwa wazee wetu. Majani ya mpera yalichemshwa kwa ajili ya kuharisha. Magome ya mgunga yalitumiwa na waliotengeneza ngozi. Majani ya kishona nguo yalipondwa na kubandikwa kwenye jeraha ili damu ikome. Anayejua orodha ya dawa za ukakasi tayari ana orodha ya mimea ya kujaribu kwenye sufuria ya rangi. Hii ndiyo sababu ninashikilia kwamba mganga wa mitishamba na fundi wa nguo wangefaa kuketi jamvi moja.

Kishona nguo kinastahili aya yake. Ni kile kigugu chenye vijimbegu vyeusi, vyembamba, vyenye meno mawili au matatu, ambacho hukuganda kwenye suruali kila upitapo kondeni. Wakikuyu hukiita muceege. Wataalamu hukiita Bidens pilosa. Asili yake ni Amerika lakini kimezoea huku kana kwamba ni mwenyeji, na katika sehemu kadhaa majani yake machanga huliwa kama mboga. Jina la Kiswahili lilitokana na mbegu zinazojishonea kwenye vazi. Kumbe mmea huo unaojishona pia hutia rangi: ukichemshwa shina na maua, hutoa manjano inayoelekea rangi ya machungwa. Sijui jina jingine la mmea linalobashiri kazi yake kwa usahihi kiasi hicho.

KUTOKA KITAMBAA HADI SUFURIA

Anayetaka kuanza asikimbilie kitambaa cha bei. Anunue amerikani, ile pamba isiyopaushwa, ambayo jina lake ni kumbukumbu ya karne ya 19 ilipokuwa ikiletwa Zanzibar na meli kutoka Salem, Massachusetts. Vitambaa vya nailoni na poliesta avipuuze kabisa, kwa kuwa rangi nyingi za mimea huteleza juu yake kama maji juu ya jani la yungiyungi.

Jambo la kwanza ni kukifua kitambaa hicho mpaka kikubali maji. Pamba mpya ina nta yake ya asili, pamoja na wanga uliotiwa kiwandani, na vyote viwili huizuia rangi kuingia. Hapa magadi husaidia. Kijiko kikubwa kimoja katika sufuria kubwa ya maji, pamoja na sabuni kidogo, kitambaa kikichemka polepole kwa saa moja au mbili, na utashangaa kuona maji yakigeuka rangi ya chai. Magadi yetu hutoka ziwa lenye jina hilo katika Kajiado, na yale tunayotilia maharagwe yanatosha kwa kazi hii.

Jambo la pili ndilo watu wengi hulipuuza, kisha wakalaumu mmea. Rangi nyingi za mimea hazina uwezo wa kujishikilia zenyewe kwenye pamba. Zinahitaji mshenga, yaani madini yanayoshika uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono wa pili. Mshenga aliye salama na rahisi kupatikana ni shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka penye mkwaruzo wa wembe. Gramu 15 za shabu kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu ni kipimo cha kutosha. Husagwa, huyeyushwa katika maji ya moto, kisha kitambaa huloweshwa humo usiku kucha.

Sufu na hariri huishika shabu vizuri kwa sababu zenyewe ni protini. Pamba ni kaidi. Ndiyo sababu pamba hutangulizwa kwanza kwenye maji ya mmea wenye ukakasi, mathalani maganda ya komamanga, majani ya chai au ya mpera, ndipo iende kwenye shabu. Tanini huishika pamba, shabu huishika tanini, rangi huishika shabu. Mnyororo huo ukikatika mahali popote, kazi yako itaishia kwenye maji ya kufulia.

Mshenga wa pili ni chuma. Misumari yenye kutu ikilowekwa katika siki na maji kwa wiki moja au mbili hutoa maji ya rangi ya kutu ambayo, yakikutana na tanini, hugeuka kijivu au nyeusi papo hapo. Ni kemia ileile inayotumiwa na mafundi wa bogolanfini nchini Mali. Wao huloweka nguo kwenye maji ya majani yenye tanini hadi iwe ya manjano, kisha huchora kwa tope lililochachushwa, lenye madini ya chuma. Panapopakwa tope hugeuka peusi. Chuma kinahitaji mkono wa bahili, hata hivyo. Kikizidi, huula uzi wenyewe, na baada ya miaka michache nguo hupasuka penye rangi nyeusi.

Kuna vitabu vya zamani vinavyopendekeza chumvi za kromu. Achana nazo. Ni sumu, na maji yake hayafai kumwagwa popote.

Sufuria ya rangi isirudi jikoni kupika ugali, hata ikioshwa mara 10. Iliyo bora ni ya chuma kisichoshika kutu, kwani sufuria ya aluminiamu au ya chuma cha kawaida huingilia rangi bila kualikwa.

MANJANO ILIYONIPONZA

Kuhusu mimea yenyewe, maganda ya vitunguu ni mwalimu asiyekosea. Muuza mboga yeyote sokoni atakupa gunia zima bure, tena akushukuru kwa kumwondolea taka. Hutoa dhahabu kwenye shabu na kijani cha zeituni kwenye chuma. Bangi mwitu, ile Tagetes minuta yenye harufu kali inayovamia mashamba ya mahindi, hutoa manjano safi. Majani ya mwembe hali kadhalika.

Kokwa za maparachichi huwashangaza wengi. Hutarajii kitu cha kijani kibichi kikupe rangi ya waridi, lakini kokwa zilizokatwakatwa na kuchemshwa kwa moto mdogo, na chembe ya magadi, hutoa waridi iliyotulia inayokaribia rangi ya machungwa. Kwa vile zina tanini yake, hazidai sana mshenga. Nchi hii ni miongoni mwa zile za Afrika zinazouza maparachichi kwa wingi zaidi ng’ambo. Ni kokwa ngapi hutupwa Murang’a na kwenye hoteli za Nairobi kila siku?

Pwani wana mzingefuri, ambao wengine huuita mrangi, wenye maganda ya miiba laini na mbegu nyekundu. Hulimwa Kwale na Lamu kwa ajili ya viwanda vya vyakula, vinavyoutumia kutia rangi siagi na jibini. Kwenye nguo hutoa rangi ya machungwa yenye kuvutia macho, ila jua si rafiki yake.

Rafiki mbaya zaidi wa jua ni manjano, ile bizari ya pilau. Nasema haya kwa uchungu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kitambaa cha meza nilichokitia manjano bila mshenga wowote, kwa kuwa rangi hiyo hushika pamba mara moja na kukuhadaa kwamba umefaulu. Kilitoka kikiwa kama jua la saa sita. Nikakitandika karibu na dirisha. Majuma mawili baadaye, upande wa dirisha ulikuwa na rangi ya karatasi kuukuu. Nikaamua kukifua kwa sabuni ya mche, na hapo ndipo yalipozuka mabaka mekundu kama ya surua, kwa maana manjano ikikutana na magadi au sabuni kali hugeuka nyekundu. Maji ya ndimu yaliyaondoa mabaka. Fedheha mbele ya wageni haikuondoka.

Hina nayo ina mipaka yake. Rangi yake hushikana na protini, ndiyo maana hukolea kwenye viganja vya bi harusi, kwenye nywele na kwenye sufu. Pambani haifui dafu.

Mnili uko peke yake. Hauhitaji shabu wala chuma, lakini unahitaji subira. Rangi yake haiyeyuki katika maji. Ni lazima majani yachachushwe na maji yawe ya magadi, kisha hewa iondolewe kwa uchachu huo mpaka rangi ibadilike na kuyeyuka. Nguo huingia kwenye pipa na kutoka ikiwa ya kijani-njano. Kisha, mbele ya macho yako, hewa ikiigusa, huanza kugeuka samawati kutoka pembeni kwenda katikati. Wayoruba wa Nigeria wamejenga sanaa yao yote ya adire juu ya dakika hizo chache. Ni vigumu kuzishuhudia na usiamini kwamba kuna mtu amejificha ndani ya pipa.

JANI LENYEWE LIKIWA KALAMU

Mbinu inayopendwa na wengi leo ni ya kuchapa majani kwa mvuke. Iliyoisambaza zaidi duniani ni kazi ya India Flint, msanii wa Australia, aliyechapisha kitabu kuhusu rangi za mimea mwaka wa 2008. Mti uliompa umaarufu ni mkaratusi. Sisi tunao kuanzia Limuru hadi Eldoret, na kutwa twaulaumu kwa kunywa maji.

Kitambaa kilichokwisha kutiwa mshenga hutandazwa mezani kikiwa na unyevu. Majani hupangwa juu yake, upande wa mishipa ukielekea chini. Kisha huzungushwa kwenye kijiti au bomba, kikakazwa kwa kamba mpaka kiwe kama mkate wa mofa uliofungwa, na kuwekwa juu ya mvuke kwa saa mbili. Kinachofuata ni mtihani wa tabia: usifungue hadi kesho.

Majani ya mkaratusi huacha rangi ya kutu au machungwa, hasa kwenye sufu na hariri. Majani ya waridi, hayo yanayokatwa na kutupwa na kila anayepanga maua, huacha alama nyeusi yenye meno yote ya ukingo endapo kuna chuma kidogo. Mgrivilea, ule mti wa mipaka ya mashamba ya Mlima Kenya, huchora umbo kama la manyoya ya ndege. Jani la mbarika ni kubwa, lenye vidole, na hujaza kitambaa peke yake. Sumu ya mbarika iko katika mbegu zake, hivyo watoto wasiachiwe matawi yenye mbegu. Mnyaa wa ua usiguswe kabisa, kwani utomvu wake huumiza macho vibaya.

Hapa ndipo ufundi unapoachana na sanaa. Kutupia majani ovyo kwenye kitambaa hutoa kitambaa chenye majani. Kupanga ni jambo jingine, na Mswahili ana kielelezo tayari. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno. Mpangilio huo umedumu kwa muda mrefu, na sababu ni kwamba jicho hupata pa kuingilia na pa kupumzikia. Pindo la majani madogo ya mwarobaini, mji wa jani moja la mbarika, na tayari kazi ina uti wa mgongo.

Kanga inafundisha jambo la pili. Ule mchoro uliopinda ncha, tunaouita korosho, ni wa asili ya Uajemi na Bara Hindi, na waliouchora mwanzo hawakuwa na mkorosho akilini. Mti huo asili yake ni Brazil, nao uliletwa na Wareno. Mswahili alipouona mchoro huo aliona tunda la shambani kwake akaupa jina. Kuiga si dhambi ikiwa muigaji anatazama pia ua wake mwenyewe.

Jirani zetu Waganda wametangulia mbali. Nguo yao ya lubugo hutengenezwa kwa gome la mutuba, mti wa jamii ya mkuyu, linalopondwa kwa nyundo za mbao hadi liwe kitambaa laini cha rangi ya udongo. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka wa 2005. Msanii Sanaa Gateja amelitumia gome hilo, pamoja na shanga za karatasi, kutengeneza kazi kubwa za ukutani ambazo zimeonyeshwa katika nchi nyingi.

GOME NA MWENYE GOME

Linalonivutia zaidi kuhusu mutuba ni jinsi gome linavyovunwa. Hutolewa wakati wa mvua, na shina likishavuliwa hufunikwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke. Mti hupona, gome jipya huota, na fundi hurudi tena msimu mwingine, kwa miaka mingi.

Miti mingi haina ustahimilivu huo. Ukichuna gome kuuzunguka mti mzima, umeuua. Muiri, ambao kitaalamu ni Prunus africana, ulichunwa kwa ajili ya dawa ya tezi ya wanaume hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka wa 1995. Magome ya mikoko, mkandaa hasa, ni hazina ya tanini na rangi nyekundu, na mwanzoni mwa karne ya 20 yalisafirishwa ng’ambo kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Leo anayechuna mikoko kwa ajili ya rangi anabomoa nyumba ya samaki na ukuta wa pwani. Majani yaliyoanguka, matawi yaliyopunguzwa, maganda ya jikoni na magugu yanatosha, na hayamdhuru yeyote.

Swali gumu ni la umiliki. Mnamo 2007 kulizuka malalamiko nchini baada ya kampuni moja ya Uingereza kuomba kusajili jina la kikoi, kwa tahajia yake, kama alama yake ya biashara. Ombi hilo lilipingwa na likaanguka. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya jamii kuhusu mimea na viumbe, na mwaka wa 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kwa mujibu wa sheria hiyo, jamii ndiyo mwenye mali, na maarifa yake yanaweza kuingizwa kwenye sajili.

Lakini sajili huandikwa yale yanayojulikana. Kitabu cha sheria hakiwezi kulinda mizizi ambayo hakuna aikumbukaye. Kwa hiyo kila anayeanza kazi hii angefanya vyema kuwa na daftari, na ndani yake abandike kipande cha kila kitambaa alichotia rangi. Kando yake aandike mmea, mahali ulipochumwa, mwezi (kwa sababu mmea wa masika hautoi rangi sawa na wa kiangazi), mshenga uliotumika, na jina la aliyemwelekeza. Kipande kingine akibandike dirishani, nusu kikiwa kimefunikwa kwa karatasi nzito, ili baada ya mwezi mmoja aone rangi ipi ni ya kweli na ipi ni kama manjano yangu.

Jina la mmea liandikwe katika lugha ya aliyelitaja: Kikamba, Kigiriama, Kipokomo, Kiluo. Baadhi ya wasanii huchukua jina hilo na kulidarizi kwenye pindo, pale ambapo kanga huweka msemo wake.

Mwezi uliopita nilirudi Mwala na mfuko wa mizizi ya aina nne, niliyochimba ng’ambo ya mto nikiongozwa na jirani wa shangazi, mzee mwenye umri wa miaka 80 na ushei. Mitatu ilitoa maji ya rangi ya uji. Wa nne ulitoa hudhurungi yenye wekundu kidogo, si ule wa kiondo, lakini si mbali nao. Shangazi aliushika ule uzi mbichi, akausogeza karibu na kiondo ukutani, akatikisa kichwa. Kisha akasema kwamba, sasa anakumbuka, mama yake alikuwa akitia majivu.

Kipande cha mzizi huo kiko kwenye gazeti, kinakauka. Majivu ya mti upi, hakusema, na Jumamosi nitakwenda kumwuliza.